Karatasi Nilizozitunza na Nilizozichoma

Sanduku lenyewe ni la bati, la kijani, lenye kitasa kilichovunjika, la aina ile waliyokuwa wakipewa watoto waliokwenda shule za bweni. Nililinunua Mwembe Tayari, Mombasa, mwaka 1979 kwa ajili ya nguo za mtoto niliyekuwa nikimtarajia, lakini nguo ziliishia kikapuni na sanduku likawa la karatasi. Limehama nami nyumba nne. Mwaka juzi binti yangu, ambaye ndiye mwenye zile nguo za kikapuni, alikuja kunisaidia kupaka nyumba chokaa, akalivuta kutoka mvunguni, akalifungua na kuniuliza: "Mama, haya makaratasi tunayatupa au tunayahamisha tena?" Alisema makaratasi, hakusema karatasi, na kwa anayeijua lugha yetu silabi ile moja iliyotangulia ilikuwa imekwisha kutoa hukumu.

Sikumjibu siku hiyo. Tangu wakati huo, hata hivyo, nimekuwa nikizipanga, kila asubuhi kabla jua halijawa kali, na ninaandika haya kwa kuwa kazi hiyo imenifikisha mahali nisipopatarajia.

Nilikuwa mpiga chapa katika kiwanda kimoja cha nguo huko Changamwe, na kwa miaka kumi na mmoja nikawa pia katibu wa kamati ya wanawake katika tawi la chama chetu cha wafanyakazi. Mwenyekiti hukumbukwa kwa hotuba zake, na mweka hazina hukumbukwa, kwa wema au kwa ubaya, kwa fedha. Katibu humbakia kile alichokiandika. Kwa hiyo yaliyomo sandukuni ni mambo ya katibu: madaftari saba ya kumbukumbu za mikutano, vitabu vya risiti za ada ambavyo vimebaki vishina tu, nakala za kaboni za barua tulizowaandikia wakubwa, majibu yao (haya ni machache mno), hati za mishahara ambazo wenzangu waliniletea ili tupige hesabu ya mapunjo yao, na bahasha ya picha ambazo nyuma yake hapana jina hata moja. Picha hizo ndizo zinazonitia aibu kuliko vyote. Nilidhani sura zile sitazisahau kamwe.

Karatasi ninayoithamini zaidi ni waraka wa kurasa tatu kuhusu likizo ya uzazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 1976 ilikuwa imempa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi miwili yenye malipo, jambo ambalo wengi walilishangilia, lakini sheria hiyohiyo iliongeza kwamba aliyeichukua atapoteza likizo yake ya kila mwaka kwa mwaka ule. Kwa maneno mengine, siku za kujifungua zilihesabiwa kuwa mapumziko. Sisi tuliokuwa tukirudi kwenye mashine na maziwa yakitulowesha magauni tuliliona hilo kuwa dhihaka, tukaandika waraka, nikaupiga chapa, na wanawake arobaini na mmoja wakautia mkono. Kumi na sita kati yao walitumia dole gumba kwa wino wa zambarau wa muhuri. Tuliutia mkono mara mbili, nakala moja iende ofisini na nyingine ibaki kwangu, kwa sababu tulikuwa tumekwisha jifunza jinsi karatasi zinavyopotea zikishapanda ngazi. Ukiitazama nakala hiyo kwa makini utaona kwamba alama moja ya dole imekatwa katikati na mstari mweupe mwembamba. Ni kovu. Sindano ya cherehani ilikuwa imempitia mwenzetu kidole miezi michache kabla, na hapo, katika ombi linalohusu jambo jingine kabisa, mwili wake ukaandika malalamiko yake wenyewe.

Jibu tulilopata lilikuwa la mstari mmoja, kwamba waraka umepokelewa. Ilibidi kungoja hadi Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ndipo likizo ya uzazi ikawa miezi mitatu yenye malipo kamili na mwanamke akaacha kunyang'anywa likizo yake ya mwaka. Sidai kwamba waraka wetu ndio ulioleta sheria hiyo. Ninachosema ni kwamba mtu akisoma sheria ya 2007 peke yake anaweza kudhani kwamba kabla yake wanawake walikuwa wameridhika na hali ilivyokuwa, na kumbe sivyo. Kiwanda kilikwisha fungwa, majengo yakageuzwa maghala, na nakala iliyomo sandukuni ndiyo pekee niliyoiona tangu siku ile.

Tabia ya kutunza sikuizaliwa nayo, na sababu iliyonifanya niiheshimu niliipata nikiwa mtu mzima sana. Mwaka 2009 nilikaa Nairobi miezi miwili nikimuuguza mume wangu, na jamaa mmoja aliyekuwa akifundisha akanipeleka Chuo Kikuu cha Nairobi kuona nyaraka za Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi enzi za ukoloni. Jina lake nilikuwa nalijua kama wengi wetu tunavyolijua, yaani kama jina la kutajwa Mei Mosi na kusahauliwa Mei pili. Nilipoletewa majalada nikaketi mbele ya matangazo ya mikutano, kumbukumbu na barua, nilihisi kama niliyeingia katika nyumba ya katibu mwenzangu ambaye ametoka kidogo tu na atarudi.

Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Kenya akiwa kijana mwaka 1927. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi wa reli ambaye baadaye alikuwa na matbaa, na mwana akafanya kazi humo. Nadhani jambo hilo la matbaa linaeleza mengi. Mtu aliyekulia penye mashine ya kuchapa anajua kwamba kipeperushi huzaliwa kwa mamia asubuhi na jioni kimekwisha kuwa kifuniko cha njugu, na kwamba asipojiwekea kimoja mwenyewe siku ileile hatakiona tena. Mwaka 1935 chama kilichokuwa cha mafundi wa Kihindi kilibadili jina kikawa Labour Trade Union of Kenya na kufungua mlango kwa wafanyakazi wa rangi zote. Mwaka 1937 kiliongoza mgomo wa Nairobi uliochukua siku 62, na waajiri wakakubali kupandisha mishahara kwa asilimia 15 hadi 22. Tarehe 1 Mei 1949 ikaundwa East African Trade Union Congress, Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh akiwa katibu mkuu. Katika mkutano wa tarehe 23 Aprili 1950 pale Kaloleni, Nairobi, alisimama akataka azimio litaje waziwazi uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, wakati ambapo wengi wa wakubwa wake katika siasa walikuwa bado wakizungumzia viti zaidi barazani. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai wakakamatwa, na kesho yake Nairobi ikagoma kwa siku tisa. Yeye hakuwa huru tena hadi tarehe 22 Oktoba 1961, baada ya kuwekwa kizuizini Lokitaung, Maralal na Dol Dol.

Zaidi ya miaka kumi na moja, basi. Wengi wangetoka wakidai cheo, na ningewaelewa. Yeye alitoka, akazirudia karatasi, na mwaka 1969 akatoa kitabu cha historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi 1952 ambacho ndani yake maazimio na madai yamenukuliwa kwa urefu kiasi cha kumchosha msomaji anayetafuta hadithi tamu. Kimenichosha hata mimi. Lakini ndicho kitabu ambacho mtu akitaka kujua wafanyakazi walidai nini hasa, kwa shilingi ngapi na tarehe ngapi, hana budi kukiendea. Alifariki mwaka 1973, na sehemu iliyofuata ya kazi yake ikachapishwa mwaka 1980.

Kuna jambo moja ambalo ningelikosa kama nisingekuwa nasoma karatasi badala ya kusikiliza hotuba. Baba yangu alikuwa kuli bandarini Mombasa. Alikuwa mmoja wa wafanyakazi wapatao 15,000 waliogoma Januari 1947, na alizoea kutusimulia jinsi walivyokuwa wakikusanyika kila siku mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini. Hakujua kusoma. Katika maisha yake yote alitunza kitu kimoja tu cha kuandikwa, nacho ni kipande chake, yaani kitambulisho ambacho mkoloni alimlazimisha kukibeba, kikiwa bado katika kibweta chake cha bati chenye kamba ya kuvaa shingoni, na kibweta hicho sasa kimo sandukuni kwangu. Baada ya mgomo ule serikali iliunda baraza la kuamua mishahara, na aliyeliongoza alikuwa Ransley Thacker. Chege Kibachia, kiongozi wa African Workers' Federation, akakamatwa Agosti mwaka huohuo na kupelekwa uhamishoni Baringo. Mwaka 1950 kesi ya kumwondoa Makhan Singh mjini ilisikilizwa Nyeri, na jaji alikuwa Thacker. Mwishoni mwa mwaka 1952 ilianza kesi ya Kapenguria, ya Jomo Kenyatta na wenzake, na hakimu alikuwa Thacker. Kila tukio husimuliwa katika sura yake: mgomo katika sura ya wafanyakazi, Kapenguria katika sura ya uhuru. Ukiyaweka majalada matatu juu ya meza moja ndipo unapoona kwamba mkono ulioamua mshahara wa kuli ndio uliotia sahihi kifungo cha wanasiasa.

Kuhusu kazi yenyewe ya kupanga sina mengi. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, pini zinashika kutu na kutoboa karatasi, kwa hiyo kwanza nilizitoa zote, moja moja, kwa kisu cha mezani kisicho na makali. Mtunza nyaraka mmoja alinishauri nisitumie gundi ya utepe hata kwa karatasi iliyochanika vipande viwili, niandike kwa penseli wala si kwa kalamu ya wino, na nisivuruge mpangilio niliokuta. Ushauri huo wa mwisho uliniudhi, kwa sababu mpangilio niliokuta ni wangu mwenyewe na ulikuwa ovyo. Baadaye nikaona ana haki. Risiti ya nauli ya basi iliyokaa katikati ya kumbukumbu za mkutano ilinikumbusha kwamba siku ile mjumbe wetu alikwenda Nairobi na kurudi usiku huohuo kwa kukosa mahali pa kulala. Ningeitia katika jalada la risiti, ningeipoteza safari yake.

Swali gumu zaidi ni la watu. Katika barua za kufukuzwa kazi kuna magonjwa yaliyotajwa, kuna mimba zilizotajwa, kuna mambo ambayo mwenzangu aliniambia kwa sababu nilikuwa katibu na si kwa sababu alitaka vitukuu vyake vije kuyasoma. Tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria hiyo ningejua kwamba siri iliyoletwa na mtu kwa miguu yake si mali yangu. Hizo nimezitenga katika bahasha iliyofungwa, na popote zitakapokwenda nyaraka hizi itakwenda na sharti la kutofunguliwa wakati wenyewe au watoto wao wangali hai.

Hapo ningekuwa nimemaliza, kama si madaftari. Nilisema yako saba. Niliyapanga kwa tarehe, na nilipoyapanga nikaona kwamba kati ya la nne na la tano kuna pengo la miaka mitatu, kuanzia 1983 hadi mwanzo wa 1986. Nilijua. Sikuwa nimesahau, ila kwa muda mrefu nilikuwa nimejizoesha kutolitazama.

Wasomaji vijana huenda hawajui mwaka 1986 ulivyokuwa. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na hasa baada ya kuanza kamatakamata ya waliotuhumiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali ya Moi, mtu aliweza kufungwa kwa kukutwa na kijikaratasi tu. Sheria ya uchochezi, ambayo haikufutwa hadi 1997, haikuuliza sana karatasi ilifikaje nyumbani kwako. Watu walipelekwa kuteswa Nyayo House, Nairobi, wakatoka wakiwa si walewale. Chama cha watumishi wa serikali na chama cha wahadhiri vilikuwa vimekwisha kupigwa marufuku tangu mwaka 1980, kwa hiyo hata neno "chama" lenyewe lilikuwa na harufu. Usiku mmoja wa mwezi Machi mimi na shoga yangu, aliyekuwa mweka hazina wa kamati, tuliwasha seredani uani kwangu, tukaweka sufuria ya maharage karibu ili jirani akichungulia aone tunapika, tukachoma.

Kulikuwa na kijitabu kimoja tu ambacho kweli kingetuletea taabu, na hicho kiliungua kwa dakika mbili. Tungeweza kuishia hapo. Lakini hofu haichagui. Tulichoma daftari za mikutano ambamo tulizungumzia sabuni ya vyooni na bei ya chai ya kantini. Tulichoma orodha ya michango ya mazishi. Tulichoma barua za rafiki aliyekuwa amekwenda Dar es Salaam, ambazo ndani yake hapakuwa na siasa bali malalamiko juu ya mkwe wake. Karatasi za stenseli, kwa wanaozikumbuka, zina nta, na zinapoungua zinatoa moshi mweusi unaoshika kwenye kuta. Doa lake lilibaki ukutani pale uani hadi tulipohama.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, wakati wazee waliowahi kuwekwa kizuizini enzi za Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza, ilidhihirika kwamba majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37 yalikuwa yamefichwa katika jengo la serikali huko Hanslope Park, Uingereza, na kati yake majalada yapatayo 1,500, katika makasha takriban 300, yalikuwa ya Kenya. Mwaka 2013 serikali hiyo ikakubali kuwalipa wazee 5,228 fidia iliyofikia pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Habari za fidia nilizifurahia kama kila mtu. Kilichonikaa moyoni, hata hivyo, ni maelekezo waliyopewa maofisa wa makoloni kuanzia mwaka 1961 kuhusu yale ambayo hayangesafirishwa: yakichomwa, yageuzwe majivu na majivu yenyewe yapondwe, yakizamishwa, yatiwe katika makasha yenye uzito na kutupwa kwenye maji yenye kina kirefu yasiyo na mkondo, mbali na pwani kadiri iwezekanavyo. Na kila ofisa aliyeharibu jalada alitakiwa kuandika hati ya kuthibitisha kwamba ameliharibu.

Nilisoma jambo hilo la hati mara kadhaa. Walichoma ili kuficha, na bado waliandika walichochoma, kwa sababu dola haijiamini bila karatasi. Sisi tulichoma ili kujiokoa na hatukuandika chochote. Matokeo yake, mtafiti anaweza leo kujua majalada gani ya mkoloni yaliteketea, lakini hakuna awezaye kujua wanawake wa kiwanda kimoja cha Changamwe walikuwa wakidai nini mwaka 1984, isipokuwa wale wanaokumbuka, na tunaokumbuka tunazidi kupungua.

Kwa hiyo nimeanza kuandika hati yangu, karibu miaka arobaini baada ya moto. Nimechukua daftari jipya la kurasa mia mbili, nikalichora safu nne: kilikuwa nini, cha tarehe gani kwa kadiri ninavyokumbuka, nani alikuwapo, na kwa nini kilichomwa. Katika safu ya nne ninajaribu kutoandika "hofu" kila mara, ingawa mara nyingi sina neno jingine. Nimefika kipengele cha kumi na saba. Kila jioni ninampigia simu shoga yangu, ambaye sasa anaishi kwa mwanawe Kisauni na haoni vizuri, nikamsomea nilichoandika naye akanirekebisha. Amenirekebisha sana. Mkutano niliouweka Juni yeye anasema ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na siku hiyo hatukunywa chai. Nimeangalia kalenda, na Ramadhani ya mwaka 1984 iliangukia Juni, kwa hiyo sote wawili tulikuwa sawa na chai ndiyo niliyoiongeza mwenyewe.

Juzi nilimsomea kipengele kinachohusu daftari la tano la asili, lile lililokuwa na mjadala mzima wa waraka wa likizo ya uzazi kabla haujapigwa chapa. Niliandika: "Limechomwa na katibu." Akanikatiza.

"Shoga, hilo ulilichoma lini peke yako? Wewe ulikuwa unalia kwenye maharage. Mimi ndiye niliyelitia motoni, na nililichana kwanza ili liungue upesi."

Nimerekebisha kipengele hicho kisomeke hivyo. Kuhusu idadi ya kurasa hatujapatana: yeye anasema daftari lilikuwa limejaa hadi jalada la nyuma, mimi nasema halikufika nusu. Nimeandika yote mawili, la kwake juu.